Drafti ya NBA ya 1984, 1996, 2003 au 2009: uanze na ipi?

Anayetaka kuielewa NBA kwa kufuata maisha ya wachezaji wake, badala ya kurukia mchezo wa jana usiku, hujikuta mapema mbele ya swali la wapi pa kuanzia. Drafti zimefanyika kila mwaka tangu 1947, na hakuna mwenye muda wa kuzipitia zote. Katika mabishano ya wapenzi wa kikapu, tatu hurudi bila kuitwa: ya 1984, ya 1996 na ya 2003. Nimeongeza ya nne, ya 2009, kwa sababu ilimleta Stephen Curry, na kwa sababu ndiyo iliyomfanya kijana wa Dar es Salaam kuwa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo.

Kabla ya kulinganisha, tukubaliane kuhusu neno lenyewe. Drafti ninayoizungumzia siyo ile ya ubao na vizibo vya soda kijiweni. Ni shughuli ya kila mwaka, mwezi Juni, ambapo timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na timu zilizofanya vibaya msimu uliopita ndizo hupata zamu za mwanzo. Kwa aliyezoea usajili wa Simba na Yanga, jambo la kushangaza ni kwamba mchezaji hana sauti: timu iliyomtaja ndiyo yenye haki naye, awe anaipenda au haipendi, labda imuuze kwa nyingine usiku uleule. Kwa hiyo drafti hupima macho ya viongozi wa timu zaidi ya inavyompima kijana, na ndivyo ninavyoomba isomwe hapa.

Vigezo

Nimetumia vigezo vinne kwa drafti zote. Cha kwanza ni kilele, yaani wachezaji wake bora kabisa walifika wapi. Cha pili ni kina: baada ya majina makubwa, je, walibaki wachezaji wa maana chini ya orodha? Cha tatu ni chaguo la pili, na nitaeleza kwa nini nimelitenga. Cha nne ni urahisi wa kuifuatilia leo. Idadi ya pete za ubingwa sikuifanya kigezo cha kusimama peke yake, kwa kuwa ubingwa hutwaliwa na timu nzima. Charles Barkley, John Stockton, Allen Iverson, Steve Nash na Carmelo Anthony wote walistaafu bila pete, na hakuna mwenye akili timamu atakayewaita wachezaji wa kawaida.

Kilele

Michael Jordan, aliyechaguliwa wa tatu na Chicago Bulls mwaka 1984 kutoka North Carolina, alitwaa ubingwa mara 6 na tuzo ya Mchezaji Bora wa Msimu mara 5, akamaliza na wastani wa pointi 30.1 kwa mchezo. Drafti hiyo ingekuwa kubwa hata bila yeye. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos aliyecheza mpira wa mikono na kudaka golini kabla ya kukijua kikapu, alikuwa chaguo la kwanza la Houston Rockets, akaipa timu hiyo ubingwa wa 1994 na 1995, na mitupo 3,830 aliyoizuia bado ni rekodi ya ligi. Mwezi Februari 1995, Ramadhani ilipoanza sambamba na mwezi huo, alicheza akiwa katika mfungo na bado akatangazwa mchezaji bora wa mwezi. Barkley, wa tano, alikuwa Mchezaji Bora wa Msimu mwaka 1993. Stockton, wa 16, alikaa Utah Jazz misimu 19, akaacha rekodi mbili ambazo hazijavunjwa: pasi za kufungia 15,806 na mipira 3,265 aliyowapokonya wapinzani. Mara mbili aliifikisha timu yake fainali, 1997 na 1998, na mara zote mbili aliyemzuia alikuwa Jordan, mwenzake wa drafti moja.

Drafti ya 1996 nayo ilitoa Wachezaji Bora wa Msimu watatu, ila hawafanani hata kidogo. Iverson, wa kwanza kuchaguliwa, alikuwa mfupi kwa viwango vya ligi hiyo na aliipata tuzo mwaka 2001, mwaka ambao aliifunga Los Angeles Lakers pointi 48 katika mchezo wa kwanza wa fainali, kisha akapoteza minne iliyofuata. Nash, mzaliwa wa Johannesburg aliyekulia Kanada, alichaguliwa wa 15 na kuipata mara mbili mfululizo, 2005 na 2006. Kobe Bryant, wa 13, alikuwa na miaka 17 na alitoka moja kwa moja sekondari. Charlotte Hornets walimtaja jina, akavaa kofia yao mbele ya kamera, na hakuwahi kuwachezea hata dakika moja, kwa sababu haki zake zilikwenda Lakers kwa kubadilishana na Vlade Divac. Alikaa Lakers misimu 20, akatwaa ubingwa mara 5 na kufunga pointi 33,643. Katika mchezo wake wa mwisho, Aprili 2016, alifunga 60. Kifo chake cha Januari 2020 kimewafanya wengi waitazame drafti hii kwa huzuni, na huzuni hiyo wakati mwingine huifunika hesabu.

Drafti ya 2003 ni mlima mmoja mrefu wenye vilima vitatu ubavuni. LeBron James alichaguliwa wa kwanza na Cleveland kutoka sekondari ya Akron, mji wa jirani, na tofauti na vijana wengi waliopandishwa juu na magazeti wakiwa bado shuleni, alizidi yaliyosemwa juu yake: ubingwa mara 4 akiwa na timu tatu tofauti, tuzo ya Mchezaji Bora mara 4, na mwaka 2023 rekodi ya pointi za muda wote aliyokuwa nayo Kareem Abdul-Jabbar. Anthony, wa tatu, alifunga pointi 28,289. Dwyane Wade, wa tano, ana pete tatu, na ile ya 2006 aliitwaa Miami ikiwa imetanguliwa michezo miwili kwa bila. Chris Bosh, wa nne, ana mbili, na pengine angekuwa na zaidi kama damu kuganda mwilini isingemsimamisha mwaka 2016.

Kuhusu 2009, kilele chake kilichelewa kuonekana. Curry alichaguliwa wa saba na Golden State Warriors, na miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya vifundo vya miguu vilivyoteguka mara kwa mara, kiasi kwamba mwaka 2012 alikubali mkataba wa dola milioni 44 kwa miaka minne, fedha ambazo baadaye zilionekana kama bei ya kutupa. Kisha yakaja mataji 4, tuzo mbili za Mchezaji Bora wa Msimu, na usiku wa 14 Desemba 2021 alipoivuka rekodi ya mitupo ya pointi tatu, 2,973, iliyokuwa ya Ray Allen wa drafti ya 1996. Aliivuka Madison Square Garden, New York, jengo lilelile alimotajwa jina usiku wa drafti, na Allen alikuwapo kushuhudia. James Harden, wa tatu, alikuwa Mchezaji Bora mwaka 2018.

Kina

Hapa mpangilio unabadilika, na kwa maoni yangu 1996 ndiyo inayofaidi zaidi. Ukiacha majina yaliyotajwa, chukua wachezaji kuanzia nafasi ya 13 hadi ya 24 peke yake: Bryant, Peja Stojaković, Nash, Jermaine O'Neal, Zydrunas Ilgauskas na Derek Fisher. Wapo waliojenga timu nzima kwa vipaji visivyofikia hapo. Juu ya hayo, Ben Wallace hakutajwa kabisa usiku ule. Timu zote zilimpita katika nafasi zote 58, kisha akawa mlinzi bora wa ligi mara 4, bingwa na Detroit mwaka 2004, na mwaka 2021 akaingia katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu.

Ya 1984 ina kina cha aina nyingine, kwa kuwa siku hizo raundi zilikuwa kumi. Otis Thorpe na Kevin Willis walicheza miaka mingi, na katika raundi ya sita New Jersey Nets walimtaja Oscar Schmidt wa Brazil, ambaye hakwenda NBA kamwe lakini jina lake leo limo katika Jumba la Heshima. Raundi ya kumi Chicago walimtaja Carl Lewis, mkimbiaji, jambo linaloonyesha kwamba ukifika huko chini viongozi walikuwa wameshachoka.

Drafti ya 2003 ina David West, Boris Diaw na Josh Howard, lakini kisa ninachokipenda ni cha Kyle Korver, wa 51. Nets walimuuza Philadelphia kwa dola 125,000, na sehemu ya fedha hizo ikanunua mashine ya fotokopi ya ofisini. Korver alicheza misimu 17 na kuwa mmoja wa wafungaji hodari wa pointi tatu. Ya 2009 ina Jrue Holiday, wa 17, bingwa wa 2021 na 2024, pamoja na Danny Green, wa 46, na Patty Mills, wa 55.

Chaguo la pili

Nimelitenga kwa sababu ya mwendo wa ajabu. Katika drafti zote nne, aliyechaguliwa wa pili alikuwa mchezaji mrefu wa kucheza chini ya kikapu: Sam Bowie, Marcus Camby, Darko Miličić na Hasheem Thabeet. Katika tatu kati ya hizo, timu iliyomtaja iliacha nyota aliyefuata mara moja baada yake.

Bowie ndiye anayechekwa zaidi, na kwa sehemu anaonewa. Houston na Portland walirushiana shilingi kuamua nani achague kwanza. Houston wakashinda na kumchukua Olajuwon. Portland tayari walikuwa na Clyde Drexler, gadi (mchezaji wa kucheza mbali na kikapu) waliyemchagua mwaka mmoja kabla, hivyo hawakuona haja ya gadi mwingine, na walihitaji senta, yaani mtu mrefu wa chini ya kikapu. Kosa lao siyo kumwacha Jordan kwa sababu hawakumjua, bali kumchukua senta aliyekosa misimu miwili mizima chuoni Kentucky kwa sababu ya mguu. Msimu wa kwanza alicheza michezo 76 na kila mmoja akapumua. Baada ya hapo mguu ulivunjika, na ukavunjika tena, na katika miaka mitano alicheza michezo 139 tu. Majuto ni mjukuu, lakini kumbuka pia kwamba Bowie alipohama aliendelea kucheza hadi 1995, akamaliza na wastani wa pointi 10.9, mchezaji aliyeshindwa kabisa hafiki hapo.

Camby, wa 1996, ndiye pekee kati ya wanne ambaye hakuna anayemlaumu mtu kwa ajili yake. Alikuwa mlinzi bora wa ligi mwaka 2007.

Miličić ana hadithi inayoanzia mbali. Mwaka 1997 Detroit walimtoa Otis Thorpe, yuleyule wa drafti ya 1984, kwenda Vancouver, na kwa malipo wakaahidiwa chaguo la miaka ya mbele. Vancouver ilihamia Memphis, deni likahama nayo, na mwaka 2003 likaiva likiwa chaguo la pili. Detroit ilikuwa timu nzuri isiyohitaji mtu wa haraka, ikamchagua kijana wa Serbia aliyekuwa ametimiza miaka 18 siku chache kabla, ikamweka benchi nyuma ya Ben Wallace, na msimu wa kwanza alicheza dakika zisizofika 5 kwa mchezo. Timu ikatwaa ubingwa wa 2004, hivyo ana pete ambayo Anthony hakuwahi kuipata. Baadaye alirudi kwao na kuingia katika kilimo cha matunda.

Thabeet, mrefu wa sentimita 221, alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 15 hivi huko Dar es Salaam, na miaka saba baadaye jina lake lilisomwa New York, kwa saa zetu ikiwa usiku wa manane. Akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut alizuia wastani wa mitupo 4.2 kwa mchezo katika msimu wake wa mwisho na kuifikisha timu katika nne bora za taifa. Walimchukua Memphis, timu ileile iliyokuwa imepoteza chaguo la Miličić, ambayo tayari ilikuwa na senta Marc Gasol. Msimu wa kwanza alipata dakika 13 kwa mchezo, na Februari 2010 akapelekwa ligi ya maendeleo, yaani ligi ndogo ya NBA ya kukuzia wachezaji, akiwa mchezaji wa nafasi ya juu kuliko wote waliokuwa wamewahi kupelekwa huko. Alipita Houston, Portland na Oklahoma City, akamaliza na michezo 224 na wastani wa pointi 2.2, kisha akaendelea na kazi yake Japan na Taiwan. Watanzania wengi hukisoma kisa hiki kama aibu ya nyumbani. Mimi nakisoma kama swali kwa Memphis, kwamba ulimtakia nini kijana aliyekuwa na miaka saba tu ya mchezo huu, kama nafasi yake uwanjani ilikuwa na mwenyewe? Haki inataka niseme vilevile kwamba mikono na miguu yake haikuwa na wepesi ambao ligi hiyo ilianza kuutaka kwa masenta, na hilo lilionekana tangu chuoni. Na kama ni lawama, Minnesota walikuwa na chaguo la tano na la sita, na kwa yote mawili wakachukua wachezesha timu, Ricky Rubio na Jonny Flynn, huku Curry ameketi ukumbini akisubiri.

Urahisi wa kuifuatilia

Ya 1984 imekwisha kabisa uwanjani, na picha za miaka yake ya mwanzo ni hafifu, ingawa fainali za miaka ya 1990 zinaonekana vizuri. Ya 1996 nayo imekwisha, ila imehifadhiwa vizuri zaidi, na njia zake za baadaye ni nyingi: Nash na Fisher walijaribu ukocha, na Stephon Marbury, wa nne, alikwenda China, akaipa Beijing ubingwa mara 3 na kujengewa sanamu. Ya 2003 na ya 2009 bado zina watu uwanjani. Msimu wa 2024/25 James, Curry, Harden na DeMar DeRozan wote walikuwa wakicheza, ingawa kwa mkazi wa Afrika Mashariki michezo mingi huanza wakati majogoo yanakaribia kuwika.

Ukiwa na dakika moja tu, tafuta mwisho wa mchezo wa sita wa fainali za 2013, tarehe 18 Juni. San Antonio Spurs wanaongoza 95 kwa 92 dhidi ya Miami, timu ya James, Bosh na Allen wakati huo, na watumishi wameshaanza kuleta kamba ya kuzungushia uwanja kwa ajili ya kukabidhi kombe. James anatupa pointi tatu, anakosa. Bosh anaruka katikati ya watu na kuudaka mpira uliorudi, na bila kutazama saa anampasia Allen, ambaye anarudi kinyumenyume hadi kona ya kulia, miguu ikitafuta mstari bila macho kuutazama. Anatupa, zinabaki sekunde 5.2, na matokeo ni 95 kwa 95. Miami walishinda katika muda wa nyongeza na kutwaa ubingwa siku mbili baadaye. Watu wawili wa 2003 na mmoja wa 1996 wamo katika pumzi moja, na katika kikosi cha Spurs walikuwamo Diaw wa 2003, na Green na Mills wa 2009.

Nani achague ipi

Ikiwa hujawahi kuifuatilia NBA na unatazama kwenye simu, anza na 2009, kwa sababu utaona mchezo unaochezwa leo na mtu aliyeubadilisha kuwa hivyo, kisha rudi nyuma kwa hatua ndogo. Ikiwa unapenda kumfuata mtu mmoja kuanzia ujana hadi uzee wa kazi, 2003 haina mpinzani, maana James wa miaka 18 na James wa miaka 40 wote wapo kwenye picha safi.

Kocha wa vijana atapata zaidi katika 1996. Ana Iverson wa kumwonyesha mtoto mfupi, Nash wa kumwonyesha asiye na mbio, Allen wa kumwonyesha anayechoka kufanya mazoezi ya kutupa, na Wallace wa kumwonyesha aliyekatwa kwenye mchujo wa shule. Mpenzi wa historia, au mtu anayetaka kujua kwa nini Waafrika wengi waliingia NBA baada ya Olajuwon, aanze na 1984, na asiishie kwa Jordan.

Aliye kwenye mabishano ya kijiweni aulize kwanza swali lenyewe ni lipi. Likiwa "nani walifika juu zaidi", 1984 ina hoja nzito. Likiwa "ipi ilikuwa na wengi wazuri", 1996 itamtetea.

Amebaki mzazi mwenye kijana mrefu kuliko wenzake, ambaye majirani wameshaanza kumwambia ampeleke Marekani. Huyo namshauri achague 2009, lakini asianzie usiku wa drafti. Aanze na michezo ya Thabeet ya Connecticut, atazame anavyolinda kikapu dhidi ya vijana wa umri wake, kisha atazame msimu ule wa Memphis na ahesabu dakika alizopewa. Akimaliza, amtazame Gasol wa timu ileile, anavyopokea mpira mgongo ukiwa kwa kikapu na kutoa pasi kabla mlinzi hajageuka, kwa sababu hicho ndicho kijana wake atakachoulizwa akifika.